Fedha za wafadhili zitumikeje ili wasichana wajiamini na wapate ujuzi?

Mwalimu_Malaba

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na mpaka wa Malaba, wilayani Tororo, na pamoja na walimu wenzangu wawili tunasimamia kikundi cha wasichana wa umri wa miaka 13 hadi 19 kinachokutana kila Jumamosi mchana. Baadhi yao bado wanasoma, wengine wameacha shule kwa kukosa karo au kwa kupata mimba, na wengi huuza chai, chapati na ndizi kwa madereva wa malori yanayopanga foleni kuvuka mpaka. Kikundini tunazungumza Kiswahili, kwa kuwa katika chumba kimoja wamo Wapadhola, Waiteso, Wasamia na mabinti wa wafanyabiashara waliotoka kila upande.

Hadi leo tumekwenda kwa michango yetu wenyewe na kwa hisani ya mwalimu mkuu anayetuachia darasa. Sasa wamejitokeza wafadhili kutoka Uholanzi walio tayari kutusaidia kwa mwaka mmoja. Wangependa kununua vyerehani kumi, kugawa fulana na kufanya sherehe ya uzinduzi, kisha tuwapelekee idadi ya wasichana waliofikiwa. Vyerehani tunavihitaji, sikatai. Hata hivyo, ninavyowaona wasichana hawa, yule anayeshusha bei ya chapati kwa sababu dereva amemkazia macho hataacha woga huo kwa kupewa mashine peke yake.

Naomba walio na uzoefu wanieleze: ni sehemu gani ya msaada ambayo kwa kweli humjenga msichana akajiamini, na niwaelezeje wafadhili jambo hilo bila kuonekana mtovu wa shukrani?

Mama_Arua

Mwalimu, pole na kazi, na hongera. Nimekuwa mlezi wa vikundi vya wasichana huku Nile Magharibi kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo kila kikundi kingepaswa kuuliza kabla ya kupokea shilingi ya kwanza.

Hapa kwetu Uganda tunao mfano uliochunguzwa kwa makini. BRAC, shirika la maendeleo lenye asili ya Bangladesh, lilianza mwaka 2008 kufungua klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20, na watafiti wakalinganisha vijiji na mitaa 100 iliyopata klabu na mingine 50 ambayo haikupata. Klabu zilifunguliwa alasiri, siku tano kwa wiki, chini ya mlezi ambaye ni mwanamke kijana wa mahali hapohapo, aliyewazidi wasichana umri kidogo tu. Kulikuwa na michezo, ngoma na maigizo, na humohumo wakafundishwa stadi za maisha: afya ya uzazi, kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi, namna ya kujadiliana na kukataa, haki zao kisheria kuhusu ndoa na ukatili. Sambamba na hayo walifundishwa kazi kama ususi, ushonaji, ufugaji wa kuku na biashara ndogondogo. Baada ya miaka minne, mimba za utotoni katika maeneo yenye klabu zilikuwa zimepungua kwa takriban theluthi moja, ndoa na kuishi kinyumba mapema vilipungua kwa zaidi ya nusu, wasichana wengi zaidi walikuwa na kazi ya kujiingizia kipato, na waliosema kwamba wamelazimishwa kufanya ngono walikuwa wachache kwa kiasi kikubwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Katika utafiti huo yapo mambo mawili ambayo ningependa uwaandikie wafadhili wako. La kwanza ni kwamba stadi za maisha na ujuzi wa kazi vilitolewa pamoja, kwa wasichana walewale, ndani ya klabu ileile. Msichana mwenye fedha zake kidogo ana nguvu ya kumkatalia mwanamume anayemnunulia soda na vocha, na msichana aliyejifunza kukataa anaweza kuzilinda fedha zake zisichukuliwe. Ukitoa kimoja ukaacha kingine, umemwacha nusu njiani. La pili ni uwepo wa kila siku. Klabu haikuja na gari siku ya uzinduzi ikaondoka. Mpango kama huohuo ulipopelekwa Tanzania kwa rasilimali chache zaidi, mafanikio makubwa ya namna hii hayakuonekana. Kwa hiyo unapowaambia wafadhili kwamba fedha ziende kwanza kwa mlezi na mahali pa kukutania, huwaambii maneno yako tu, dada yangu, bali unawaambia yaliyoshuhudiwa.

Mhasibu_Mbale

Namuunga mkono Mama wa Arua, na ninaongeza upande wa hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu katika shirika dogo la kijamii.

Shida ya misaada mingi ni mgawanyo wa fedha ndani ya bajeti zaidi hata ya uchache wake. Wafadhili hupenda kununua kitu kinachoonekana kwenye picha: mashine, madawati, fulana. Posho ya mlezi huitwa gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji ndizo za kwanza kukatwa. Lakini kikundi cha wasichana ni mlezi! Mlezi asipopata nauli ya bodaboda wala fedha kidogo ya kuacha shughuli zake siku hiyo, atakuja mwezi wa kwanza na wa pili kwa moyo mwema, na kufikia msimu wa kupanda atakuwa shambani, wasichana wakikuta mlango umefungwa. Binti aliyekuwa ameanza kumweleza mtu mzima siri zake akikuta mlango umefungwa mara mbili, hatarudi kumwamini mwingine upesi.

Kwa hiyo, Mwalimu, omba vyerehani vinne badala ya kumi. Wasichana wawili wawili wakipokezana mashine moja watajifunza, na kwa fedha zitakazobaki lipeni posho ya walezi kwa mwaka mzima, vitambaa vya kufanyia mazoezi, uzi, sindano, mafuta ya mashine na fundi wa kuzirekebisha. Nimeona vyumba vyenye vyerehani vipya vilivyofunikwa kwa maturubai kwa sababu hakuna aliyeweka fungu la uzi.

Kuhusu muda, msichana wa miaka 14 anayejiunga leo anahitaji angalau kufikishwa miaka 17. Waulizeni wafadhili kwa heshima kama fedha zilezile zinaweza kugawanywa kwa miaka mitatu. Mnakumbuka yaliyotokea Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje. Miongoni mwa kazi zilizotikisika ni zile za mpango wa DREAMS, ambao Uganda ilikuwa katika nchi kumi za kwanza kuupokea, na ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukiwakutanisha wasichana na walezi wao katika sehemu salama na kuwafundisha kuweka akiba. Kazi njema inaweza kukatika kwa barua moja. Kikundi kinachotegemea mkono mmoja tu kijiwekee akiba tangu siku ya kwanza.

Mkulima_Iganga

Samahani, Mwalimu, naomba kuuliza jambo ambalo huenda likawakera baadhi. Kwa nini tuendelee kutazama Uholanzi, wakati serikali yetu inapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, kupitia Mpango wa Maendeleo wa Parokia, na sehemu ya fedha hizo imetengewa wanawake na vijana? Watoto wetu wakizoea kwamba kila jema huletwa na mgeni, watajiaminije?

Fundi_Bombo

Kaka, swali lako ni la haki na halinikeri. Acha nikujibu kama mtu niliyepitia kikundi cha namna hii nikiwa na miaka 15, na leo nina duka langu la ushonaji hapa Bombo.

Fedha za parokia hukopeshwa kaya kupitia mtu mzima. Mfuko wa Wanawake Wajasiriamali ni wa kuanzia miaka 18, na ule wa vijana vilevile. Binti wa miaka 14 aliyeacha shule hayumo katika elimu bila malipo, kwa kuwa ameshatoka, wala hayumo katika mikopo, kwa kuwa hajafika. Miaka hiyo minne ndiyo anayopata mimba au kuozwa, ingawa Katiba yetu ya mwaka 1995 imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa. Msaada wa wafadhili una maana kubwa hapo katikati. Akivuka akiwa mzima, na ana ujuzi na akiba, fedha za parokia atazifuata mwenyewe na atajua cha kuzifanyia.

Kuhusu kujiamini, nitakueleza kilichonijenga mimi. Mlezi wetu hakutufundisha kushona tu. Baada ya kujua kuchukua vipimo, kila mmoja alitakiwa kumpima mteja wa kweli mbele ya wenzake: kumzungushia futi kifuani na kiunoni, kuandika namba daftarini, kisha kumtazama usoni na kutaja bei. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye sauti kubwa, na aliposema bei ni ghali, nilitaka kuipunguza palepale. Mlezi akaniambia mbele yake nimhesabie: kitambaa kiasi gani, uzi kiasi gani, zipu kiasi gani, siku ngapi za kazi. Nikahesabu kwa sauti, mama akanyamaza, akatoa malipo ya awali. Tangu siku hiyo sijawahi kuona haya kutaja bei ya kazi yangu.

Halafu kulikuwa na sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na wasichana watatu tofauti. Mmoja wetu alikuwa na aibu kiasi kwamba hakuwahi kujibu swali darasani. Tulipompa ufunguo, ikabidi kila wiki asimame aseme kwa sauti kiasi kilichokuwemo na kiasi kilichoongezwa, na sisi sote tulimngoja yeye ndipo sanduku lifunguliwe. Alizoea kusikilizwa. Mwaka uliofuata ndiye aliyezungumza kwenye mkutano wa wazazi, baba yake akiwa ameketi mbele.

Vitu hivyo havikuwa na gharama kubwa, Kaka. Aliyelipia mlezi na sanduku alikuwa mfadhili, ni kweli, lakini maamuzi yalikuwa yetu, na fedha zilizokuwa ndani ya sanduku zilikuwa zetu.

Mkulima_Iganga

Nimekuelewa, dada. Jambo la umri sikuwa nimelifikiria hivyo, na ninao binti wawili wa miaka hiyohiyo. Basi naongeza hili: wazazi waitwe mapema, hasa akina baba. Huku kwetu mashangazi ndio waliokuwa wakikaa na wasichana kuwafunda, na mzazi akisikia kwamba binti yake anafundishwa mambo ya mwili na mtu asiyemjua, atamzuia hata kama mafunzo ni mazuri. Akimwona mlezi na kumfahamu ukoo wake, atamruhusu.

Mama_Arua

Ni kweli kabisa. Na wavulana wasisahaulike, angalau mara moja kwa mwezi.

Mwalimu, nirudi kwenye suala la idadi. Usikatae kuwahesabia, kwa sababu mfadhili naye ana watu wanaomdai maelezo. Waongezee mambo mengine mnayoweza kuyahesabu nyinyi wenyewe kwenye daftari la kawaida: nani amehudhuria mfululizo kwa muhula mzima, nani amerudi shuleni, nani ameweka akiba na kiasi gani, nani ameongoza kikao, nani ameuza kitu alichokitengeneza. Kwa kujiamini, waulizeni wasichana maswali machache yaleyale mwanzoni na mwishoni mwa mwaka: je, unaweza kumwambia mtu mzima hapana? Je, unajua utamwendea nani ukidhurika? Katika utafiti nilioutaja, takriban msichana mmoja kati ya watano waliostahili ndiye aliyehudhuria klabu, na bado mabadiliko yalionekana katika jamii nzima. Wachache wanaofika kila mara wanatosha kuanza nao, na wafadhili wako wakielezwa hivyo hawatadai mikusanyiko ya mamia.

Jambo moja silifanyii mjadala: picha. Msichana aliyepata mimba au aliyebakwa asiwekwe kwenye ripoti kwa sura wala kwa jina, hata kama mfadhili ameomba simulizi ya kugusa moyo. Mwandikieni hivyo katika makubaliano, na muwe na utaratibu wa watu wazima wawili kuwepo kila mnapokutana na wasichana.

Mwalimu_Malaba

Nawashukuru sana, Mama, na ndugu zangu wote. Jana jioni nilikaa na wenzangu tukawasomea wasichana wakubwa mawazo yenu, na wao wenyewe wakaandika orodha. Wameomba vyerehani vinne, tanuri moja la kuokea mikate kwa kuwa soko la mikate mpakani ni kubwa kuliko la nguo, sanduku la kufuli tatu, posho ya walezi wawili ambao wamewapendekeza wao, na taulo za kike ili wasikose siku za hedhi. Fulana wameziondoa. Sherehe ya uzinduzi wameisogeza mwisho wa mwaka, iwe siku ya kuonyesha na kuuza walivyotengeneza. Barua ya kwenda Uholanzi itaandikwa na wasichana watatu, nami nitaongeza ukurasa mmoja wa maelezo ya bajeti na ombi la miaka mitatu.

Limebaki moja: wafadhili wanataka akaunti ya benki yenye jina la kikundi, nasi hatujasajiliwa. Tuanzie wapi?

Mhasibu_Mbale

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya mkiwa na katiba fupi ya kikundi, orodha ya viongozi na muhtasari wa kikao kilichowachagua, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa eneo lenu. Mtasajiliwa kama kikundi cha kijamii, na kwa cheti hicho benki itawafungulia akaunti. Wekeni watia saini watatu, na kwa kuwa wasichana wenu wengi hawajafika miaka 18, mmoja wa watia saini awe mlezi waliyemchagua wao. Rasimu ya katiba tuliyoitumia sisi ninayo kwa Kiswahili, nitakutumia leo usiku.