Tupeane uzoefu: GPU (kadi za picha za kompyuta) zenye "OC" (overclock, yaani kuongezwa kasi) ya kiwandani, zinatufaa sisi wa bajeti ndogo?

mwana_temeke
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Kariakoo nikakuta GTX 1650 mbili kwenye kioo kimoja. Moja ya kawaida, nyingine sanduku limeandikwa OC kwa herufi kubwa, na bei yake imezidi kwa karibu laki moja. Muuzaji anasema hii ya OC "ni kitu kingine kabisa, usilinganishe". Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya mnara, pawa saplai yake ni wati 290. Nacheza eFootball, GTA V na Counter-Strike 2, skrini ya 1080. Waliowahi kumiliki kadi za OC njooni mtuambie. Maneno ya kwenye sanduku nimeshayasoma, nataka yaliyowakuta nyumbani.

Kisauni_Fundi
Ndugu yangu, OC ya kiwandani ni kwamba kampuni iliyotengeneza kadi imeweka ndani ya bayosi (programu ndogo inayoiendesha kadi) kasi ya juu kuliko ile waliyopanga NVIDIA au AMD, wenye chipu. Chipu ni ileile. Mfano GTX 1660 Super: ya kawaida inaandikwa megahezi 1785, Gaming X ya MSI inaandikwa 1830. Megahezi 45, haifiki hata asilimia tatu, jicho haliwezi kuona. Tena kadi hizi hujipandisha zenyewe kupita kilichoandikwa, mradi zipate ubaridi na umeme wa kutosha. Joto likizidi zinashuka hatua kwa hatua, megahezi 15, tena 15.

Kwa hivyo unacholipia hasa ni hitisinki (chuma cha kupoza chipu) nene na feni nzuri. Huku Mombasa mwezi wa pili, chumba hakina AC, hilo peke yake lina thamani yake. Nimeweka kadi ya feni moja na ya feni mbili, chipu moja, kwenye mashine hiyohiyo. Ukicheza kwa muda mrefu ile ya feni moja inashuka, na kwenye programu ya Afterburner unaona mstari wa kasi ukiteremka.

bingwa_wa_kulala_saa_nane
Namuunga mkono fundi hapo juu. Nunua feni, usinunue herufi.

Eldoret_1080
Lakini 1650 si kama 1660 Super, hapo fundi umepita haraka. GTX 1650 ya kawaida boost yake (kasi ya juu iliyoandikwa) ni megahezi 1665. Gaming X ni 1860. Hiyo ni zaidi ya asilimia kumi kwa karatasi, ingawa kwenye gemu inapungua kwa sababu hata ya kawaida hujipandisha. Mimi niko na ya OC na nimeridhika.

Sasa sikiliza kwa makini mwana_temeke. 1650 ya kawaida ni wati 75, inakula umeme wote kutoka kwa sloti ya mazabodi, haihitaji waya. Ile ya OC nyingi zinadai waya wa pini sita kutoka pawa saplai. OptiPlex yako haina huo waya. Usikubali mtu akuuzie adapta ya kugeuza waya mwingine.

Juma_wa_Pili
Kweli tupu. Mimi niliirudisha dukani siku hiyohiyo kwa sababu ya huo waya.

MamaBanda_Moro
Mliposema adapta nimeshtuka, imebidi niandike.

Nina banda la gemu hapa Morogoro, vijana wanalipa kwa saa. Mashine moja niliipeleka dukani iwekewe RX 580 ya OC. Kadi yenyewe inadai waya wa pini nane na mwingine wa pini sita. Pawa saplai ilikuwa na wa pini sita mmoja tu. Fundi wa duka hakunipigia simu. Alichukua adapta ya SATA, inayochomekwa kwenye kile kichwa bapa cha kulishia umeme diski ya kompyuta, akaipeleka kwenye pini nane, akafunga kesi na kunikabidhi pamoja na risiti.

Mwanzoni hakukuwa na shida kwa sababu walikuwa wanacheza eFootball, mchezo mwepesi. Ikaja Jumamosi ya mashindano, tukaweka gemu zito. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, mchana wa jua kali, pangaboi linazungusha hewa ya moto. Nikasikia harufu kama kandambili imetupwa kwenye jiko la mkaa. Nikajua ni jirani anachoma taka. Mara kijana aliyekuwa anacheza akasema, "Mama, skrini imekufa." Nikainama chini ya meza, naona moshi mweupe mwembamba unatoka kwenye matundu ya nyuma ya kesi, halafu feni bado zinazunguka, zinausukuma usoni kwangu.

Nikakimbilia meni swichi nikazima banda zima. Giza. Watoto wakapiga kelele wakidhani TANESCO wamekata. Mlango ni mmoja. Mdogo wangu akasimama pale akawa anawatoa mmoja mmoja, mimi nimekaa na ndoo ya mchanga mkononi naitazama ile kesi. Sitasahau.

Tulipofungua, kichwa cha SATA kilikuwa kimeyeyuka, plastiki nyeusi imedondokea chini ya kesi ikagandia, waya wa njano umebaki shaba tupu. Kadi ilipona. Pawa saplai haikupona. Nilipowarudia dukani wakaniambia, "Mama, hizi za OC ndivyo zilivyo, zinaunguaga." Hapana! Kadi haikuungua. Kilichoungua ni walichokiweka wao.

Juma_wa_Pili
Duh! Pole sana mama. Watoto wote walitoka salama?

MamaBanda_Moro
Wote, namshukuru Mungu.

Kisauni_Fundi
Pole sana mama. Na hesabu iko wazi kabisa: kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ni wati 54. Waya wa pini nane kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 150. Fundi anayefunga adapta hiyo kwenye RX 580 anaweka moto ndani ya nyumba ya watu. Walikulipa?

MamaBanda_Moro
Walinipa pawa saplai nyingine ya mtumba baada ya kwenda na kaka yangu. Hela hawakurudisha.

kijani_milele
Tatizo ni RX 580 yenyewe. AMD zinakula umeme, kila siku nasema. Chukua NVIDIA ulale usingizi.

Eldoret_1080
Wacha hizo bwana. RX 580 ni ya 2017, wati 185, sawa, inakula. Lakini RX 6600 ni wati 132 na RTX 3060 ni wati 170. Hapo nani anakula umeme?

kijani_milele
RTX 3060 ina VRAM (kumbukumbu ya kadi) gigabaiti 12, hiyo 6600 ina nane. Umeme unaenda kwenye kazi.

Eldoret_1080
Jamaa ana pawa saplai ya wati 290, wewe unamletea 3060.

mwana_temeke
Wakuu, mimi nimeuliza 1650. Mama Banda pole sana, umenifungua macho. Ila sasa naogopa kununua chochote.

Mwl_Songea
Usiogope kijana. Nitakwambia tatizo lingine la OC ambalo hawalitaji: za mtumba. Ethereum, sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa kwa GPU tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji zilimwagwa sokoni. RX 580 ndizo zilizopendwa sana, na wengi walizibadilisha bayosi. Ukinunua inayoitwa OC, huenda bayosi iliyomo si ya kiwandani tena. Mwanafunzi wangu alikuwa nayo, inaandika kasi nzuri tu lakini kila akifungua gemu skrini inajaa vidoti. Nikarudisha bayosi ya asili, vidoti vikaisha. Zile Nitro+ za Sapphire zina kiswichi pembeni cha bayosi mbili, kwa hiyo ukikuta moja imechezewa unajaribu ya pili.

bingwa_wa_kulala_saa_nane
Kadi ya mchimbaji usiguse. Imeshachoka.

Mwl_Songea
Si kweli mdogo wangu. Wachimbaji wengi walipunguza umeme na kasi ya chipu ili wapate faida. Kinachochoka ni feni, na pesti ya kupitisha joto inakauka. Feni zinabadilishwa. Mimi ninayo ya mchimbaji na inafanya kazi kila siku darasani.

bingwa_wa_kulala_saa_nane
Ya kwangu ilizima ikagoma kuwaka. Kila mtu na bahati yake, lakini kwa mtu mwenye hela ya kununua mara moja tu, mimi nasema asiguse.

Salalah_Boy
Salaam kutoka Oman. Huku kiangazi tunazijua kadi za OC vizuri. Dawa yake ni kuingia Afterburner na kuteremsha kikomo cha umeme mpaka asilimia 80. Fremu (picha kwa sekunde) zinapungua kidogo sana, joto na kelele vinashuka sana. Kadi ya OC yenye hitisinki kubwa ukiiteremsha hivyo inakuwa kimya kabisa, unacheza usiku na watoto wamelala. Ndiyo maana mimi nanunua OC kisha naondoa OC.

Juma_wa_Pili
Hii ya kununua OC uiondoe ndiyo ushauri bora wa leo 😂 Nakwenda kujaribu kwangu.

kijani_milele
Au asubiri ajichange, achukue RX 6500 XT mpya, bei nafuu.

Eldoret_1080
Sasa umehamia AMD! Lakini hiyo hapana. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe, yaani sloti ya kadi kwenye mazabodi. Kwa mashine za mtumba zenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu nyingi, na VRAM ni nne tu. Tena nayo inadai waya. Usimpoteze mwenzako.

Kisauni_Fundi
Mwana_temeke, kwa mashine uliyo nayo chukua 1650 ya kawaida isiyo na tundu la waya, ya feni mbili ukiipata. Laki iliyobaki nunua SSD (diski ya kasi) kama huna. Na kabla hujatoa pesa waambie waiwashe, fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, tazama mahali pa Shaders (idadi ya viini vya kadi): 1650 lazima iandike 896. Wengine wanauza kadi za zamani zilizobadilishwa jina, na GPU-Z ikizigundua inaandika FAKE waziwazi. Anayetaka RX 580 naye atazame iandike 2304. Ikiandika 2048 ameuziwa ile iliyopunguzwa, ambayo ni RX 570 kwa jina lingine.

mwana_temeke
Asante fundi. Muuzaji akikataa kuiwasha?

Kisauni_Fundi
Toka nje, nenda duka la pili.

Juma_wa_Pili
Mimi kesho mchana nitakuwa Mtaa wa Aggrey, nina GPU-Z kwenye flashi. Nicheki inbox twende wote. Na hiyo ya OC waulize ina tundu la pini sita au haina, maana chache hazina, na kama haina na bei wakishusha, tunaichukua.