Dirisha dogo linafungwa Ijumaa, tuongeze kiungo gani?

Sakina_Damu
Wakuu habari za leo, naomba mawazo yenu. Timu yetu ya mtaa huku Sakina iko nafasi ya tatu, pointi mbili tu nyuma ya anayeongoza, na usajili unafungwa Ijumaa jioni. Shida ipo katikati. Namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, na Januari hii wageni wamejaa sasa akipata tripu ya njia ya Machame ndo siku sita saba hayupo, anashuka Jumamosi magoti yamekufa na Jumapili tuna mechi. Wiki iliyopita hakuwepo tukamsogeza beki acheze pale, tukapigwa tatu zote njia ileile, mpira unadondoka mbele ya mabeki hakuna wa kuuokota.

Hela tuliyochanga ni ya mtu mmoja. Kuna dogo wa Moshi, namba kumi, kiungo mshambuliaji, mguu wa kushoto balaa, anataka nauli na posho kila mechi. Halafu kuna fundi ujenzi mmoja wa Kijenge, miaka 33, mkabaji, chenga hana ila nguvu anayo. Vijana wote wanamtaka dogo. Mnaonaje?

Mwananchi Ngarenaro
Fundi. Sijiulizi hata. Shimo mnalijua lilipo halafu mnataka kununua pambo? Kumbuka Yanga 2022/23, Feisal kaondoka Desemba watu tukasema kiungo kimekufa, Januari akaletwa Mudathir Yahya ambaye alikuwa ameshaachana na Azam, hakuja na makelele mengi ila mtu anakimbia, anakaba, anaingia boksi. Msimu uleule tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, USM Alger tukawafunga kwao 1-0, kombe likatuponyoka kwa goli la ugenini maana hapa Dar walishatupiga 2-1. Bado inaniuma.

Na huyo mgumu wenu msimwanzishe akitoka mlimani jamani, mnamuumiza. Fundi aanze, yeye aingie dakika ya 60 wapinzani wakiwa wamechoka.

Mnyama wa Unga Ltd
Mi Simba ila hapa mtani kasema kweli. Naongeza moja, kabla hujatoa hata mia ulizia dogo kaandikishwa wapi msimu huu. Sisi Januari 2022 tulimrudisha kiungo wetu Chama kutoka Berkane ya Morocco, kwenye ligi raha tupu, lakini Shirikisho hakuruhusiwa kwa sababu alishacheza mashindano hayohayo na Berkane, tena tulikuwa nao kundi moja. Tukaenda robo fainali na Orlando Pirates bila yeye, tukatolewa kwa penati. Unakuwa na mtu na huwezi kumtumia, inauma kuliko kutokuwa naye.

Dada wa Majengo
Kaka Sakina, mi niko Moshi hapa na mpira wa huku naufuatilia sana. Vijana wengi wanaocheza huku asubuhi wako geti la mlimani wanasubiri kazi ya kubeba mizigo. Umemuuliza dogo anafanya shughuli gani? Isije ikawa mnaongeza mtu halafu wote wawili wako juu mlimani kambi ya Barafu siku ya mechi.

Sakina_Damu
Dada Mungu akubariki, wazo hilo halikuwepo kabisa kichwani. Nimempigia dogo jioni hii na kweli naye ni mgumu, tena wiki ijayo anapanda. Kijana muungwana, kasema ukweli bila kuzungusha, tumekubaliana tuongee tena msimu ukiisha.

Nikapitiliza Kijenge saiti kwa fundi, nimemkuta anapiga plasta, kanawa mikono kwenye ndoo ya zege tukajazia fomu juu ya mfuko wa saruji, kidole gumba chake kimebaki kwenye karatasi. Posho hataki, kasema Jumapili kazi hana hivyo kila mechi yupo. Kaomba viatu tu, anavaa namba 45 na kwenye timu hakuna mwenye mguu huo. Mwenye navyo hata kama vimechoka aniambie kabla ya Jumamosi, navifuata popote hapa Arusha.