Mikutano ya kuacha pombe Tanga: soba hausi, mtandaoni au Lutindi?

Mgosi_Mikanjuni
Salaam wakuu. Leo siku ya kumi na moja sijagusa kitu. Nilianzia kwenye viroba. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikajitapa nimeacha, kumbe nimehamia kwa mgema na kwenye gongo. Sasa natafuta pa kukaa na wenzangu tuongee, sitaki mahubiri. Kuna soba hausi hapa mjini, nyumba ya kuwasaidia waraibu wa pombe na dawa za kulevya kuacha, wana kikao cha jioni, wanapokea na wa nje. Jamaa yangu wa Dar ananiambia niingie AA, mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha, kwa simu. Mama yeye anataka nikalazwe hospitali ya akili ya Lutindi. Mimi naendesha bodaboda, nikipotea miezi minne boss anampa mtu mwingine pikipiki. Aliyepita huko aniambie ukweli.

BintiChumbageni
Hongera kaka. Mimi nahudhuria soba hausi kama mtu wa nje, nalala kwangu. Nisikufiche, siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Wanaume watupu, karibu wote wametoka kwenye unga (heroini), wanasimulia arosto, yale mateso ya kuukosa, na maskani, nikajiuliza mimi mlevi wa Konyagi nimefuata nini. Kikao cha nne kijana mmoja akasimulia alivyokuwa akificha kete za unga kwenye soli ya kiatu. Nikacheka hadi machozi, maana mimi chupa yangu ilikaa ndani ya ndoo ya mchele, na nilikuwa naupima mchele mwenyewe ili dada wa kazi asiingize mkono. Siku hiyo nikanyoosha kidole nikasema. Hatua 12 za kuacha wanazofuata ni zile zile za AA, zilizoanzia kwa walevi.

Kwa dada zangu mnaosoma kimya kimya: ulizeni kwanza kama kuna siku ya wanawake.

Nipo_Klini
AA ya kwenye simu ndiyo iliyonishika mimi. Hawa walianza 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mfanyabiashara na daktari, wakagundua mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mke, kuliko bosi. Kiingilio hakuna, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Unajitambulisha kwa jina la kwanza. Mkutano wa wazi hata shemeji anaweza kukaa asikilize, wa ndani ni wenye tatizo peke yao.

Kasoro zake: mingi ni Kiingereza, bando linakwenda, na ile ya Marekani mingi inakukuta usiku wa manane. Tafuta ya Nairobi, saa zetu ni moja. Kamera unaweza kuzima, kusema si lazima. Ila kuna jambo simu haina: ukishika chupa saa nne usiku, aliye kwenye skrini hawezi kuja kugonga mlango.

Chongoleani_Boy
Kwa nini usiende hospitali ya Bombo wakupe methadoni, yaishe?

Nesi_Mstaafu
Mwanangu Chongoleani, methadoni ni ya waliotumia heroini na jamii yake. Pombe haitibiwi kwa methadoni, tena ukivichanganya hivyo viwili pumzi inaweza kukata.

Mgosi, wewe siku kumi na moja umeshavuka pabaya. Nawasemea wanaokunywa kila siku na wanataka kuacha usiku huu baada ya kusoma hapa. Msifanye peke yenu chumbani. Mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kuweweseka, mtu anaona wadudu ukutani, mara nyingi ni siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa hapo, jirani wakasema karogwa. Nenda hospitali kwanza, sema ukweli unakunywa kiasi gani. Kuna dawa ya kutuliza na vitamini B1. Mkutano uje baadaye.

Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili, ipo tangu enzi za Mjerumani. Mama hajakosea, lakini kwa mtu anayeamka, anafanya kazi na ana siku kumi na moja, mimi ningeanza na kikao cha jioni.

Mzee_wa_Pongwe
Mimi nilianzia kwenye kikundi cha dua. Sikitaji. Nilisimamishwa mbele nikatajwa jina na mtaa, jumatatu yake sokoni wauza nazi wananipa pole. Nilirudi kwenye pombe kwa aibu tu. Imani sijaiacha, ila popote uendapo uliza kwanza yasemwayo ndani yanaishia wapi.

Mgosi_Mikanjuni
Nashukuru wote, Bi Nesi shikamoo. Jana nimekwenda soba hausi. Viti vya plastiki chini ya mwembe, birika la kahawa, kashata kwenye sahani ya bati. Sikusema kitu, ila kashata nilikula nne, naona mwili unadai sukari ya mnazi. Njia ya kawaida inapita kwa mgema na ananijua mlio wa pikipiki, kwa hiyo nilizungukia Barabara ya Ishirini, mafuta yakaenda. Mama nimemwambia anipe mwezi mmoja kabla ya Lutindi. Kesho nina abiria wa Raskazone saa kumi na mbili, nikimshusha nakwenda tena. BintiChumbageni, mimi ni yule wa reflekta ya kijani aliyekaa karibu na geti.

BintiChumbageni
Kumbe ndiwe uliyemaliza kashata!