Naomba ushauri: mtoto wa miezi 4 ana uvimbe mweusi ufizi wa juu

Asalam aleikum ndugu zangu, mie nipo Wete, Pemba, mwanangu katoka uvimbe ufizi wa juu, rangi kama zambarau iliyoiva, ulianza kama punje ya mtama na wiki 3 tu ushasukuma kijino nje na mdomo umenyanyuka hata kunyonya tabu. Bibi yake kashtuka anasema kigego (mtoto anayeanza kuota meno ya juu, eti mkosi), kituoni wakatupa dawa ya jipu, wapi! Daktari wa meno ndo kasema huenda ni uvimbe wa seli za rangi, aghlabu si saratani lakini unakua mbio na unakula mfupa wa taya, lazma ukatwe wote maana hurudi, kwanza kinyama kipimwe. Tuna rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Aliyepitia hili, nianzie hapo au nivuke moja kwa moja hospitali ya Muhimbili, Dar? Na akishakatwa mtoto ananyonyaje jamani?