Gumzo la Ukoo: Th ya Fëanor na Nahodha wa Baraka

Baraka: Shikamooni Mjomba na Shangazi. Dada Salma, naomba unifafanulie jambo. Katika hadithi ninayoiandika kuna nahodha ambaye lugha yake ya mama ni Quenya, ile lugha ya Maelfi, viumbe wa hadithini wanaofanana na binadamu, aliyoibuni mwandishi Mwingereza Tolkien, nami nimempa jina la Brogad. Jana uliniambia kwamba jina hilo haliwezi kuwa la Quenya hata kidogo. Kwa nini haliwezi, ilhali lugha yenyewe ni ya kubuni?

Salma: Ni ya kubuni, mdogo wangu, lakini ina sheria, na jina lako limezivunja tatu kwa mpigo. Neno la Quenya halianzi kwa konsonanti mbili zilizofuatana, kwa hiyo "br" imekwisha kukataliwa mlangoni. Sauti za b, d na g hazisimami peke yake, bali hupatikana katikati ya neno zikiwa zimetanguliwa na sauti kama m, n, l au r, kwa mfano katika "mb", "nd" na "ng". Na neno likiisha kwa konsonanti, konsonanti hiyo huwa n, r, l, s au t, wala si d. Ukiyasoma maneno mia ya Quenya kwa sauti, utaona kwamba utamu wake unatokana na vile visivyoruhusiwa zaidi kuliko vile vilivyomo.

Mjomba Idrisa: Marahaba, wapwa zangu. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na habari hii inanigusa. Je, mkazo wake huwekwa wapi? Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, na mambo yamekwisha.

Salma: Hapo ndipo Mswahili anapojikwaa, Mjomba. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa silabi hiyo ni nzito, yaani ikiwa ina irabu ndefu, au irabu mbili zinazotamkwa kwa pamoja, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili. Ikiwa ni nyepesi, mkazo hurudi nyuma hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Kwa hiyo, katika majina ya hadithi za Tolkien, mtu aitwaye Isildur tunamtamka i-SIL-dur, kwa sababu irabu ya "sil" inafuatwa na l na d, lakini nchi ya Valinor tunaitamka VA-li-nor, wala si va-LI-nor. Kwa upande mwingine, tuna nafuu kubwa kuliko Waingereza. Vile vitone viwili vilivyo juu ya e ya mwisho wa neno (ë) viliwekwa ili Mwingereza asiimeze irabu hiyo, nasi hatujawahi kuimeza irabu yoyote ya mwisho. Zamani lugha hiyo ilikuwa pia na sauti ya ng' mwanzoni mwa neno, kama katika "ng'ombe", na Noldor, ukoo mmoja wa Maelfi, waliitwa Ng'oldor kabla sauti hiyo haijalainika kuwa n.

Shangazi Rehema: Mwanangu Salma, umesema "zamani". Lugha iliyobuniwa na mtu mmoja inakuwaje na zamani?

Salma: Shangazi, hilo ndilo linalonifanya niipende. Tolkien alianza kuiunda mnamo 1915, akiwa amevutiwa mno na Kifini, na hakuridhika kutunga msamiati tu, bali aliipa lugha historia ya mabadiliko ya sauti kana kwamba vizazi vimepita vikiizungumza. Mfano mmoja ni sauti ya th, kama ya "thamani" yetu, ambayo kwa Noldor iligeuka kuwa s. Mama yake Fëanor, mwana wa mfalme wa Noldor, aliitwa Míriel Therindë, yaani mshonaji, na baada ya mabadiliko hayo watu wakawa wanamwita Serindë. Mama huyo alifariki, na baba akaoa mke mwingine. Fëanor akaishikilia ile th maisha yake yote, akawafundisha na wanawe, na kila aliyetamka s mbele yake alimwona kama mtu anayemdharau mama yake.

Shangazi Rehema: Maskini mtoto yule. Na sisi tunao watu wanaosema "selasini" badala ya "thelathini", na "samani" pale wanapokusudia "thamani", ingawa samani ni viti na meza. Sikuwahi kufikiri kwamba konsonanti moja inaweza kubeba msiba wa nyumba nzima.

Mjomba Idrisa: Tuje kwenye kitenzi sasa, maana kitenzi ndicho uti wa mgongo wa lugha.

Salma: Chukua neno letu "nitapenda", lenye ni-, kisha -ta-, kisha -penda. Kwa Quenya ni "meluvan": mel ni mzizi wa kupenda, -uva ni njeo ijayo, na -n ni nafsi ya kwanza.

Mjomba Idrisa: Subhanallah! Basi ni Kiswahili kilichotazamwa kwenye kioo: penda-ta-ni. Kila kilicho mbele kwetu kiko nyuma kwao.

Salma: Karibu kila kitu, Mjomba, ila kioo hicho kina ufa. Tukisema "nitampenda", kiwakilishi cha mtendwa tunakibana karibu na mzizi. Kwa Quenya ni "meluvanyes", yaani penda-ta-ni-m, na mtendwa anakaa mwisho kabisa, baada ya mtenda. Kama ingekuwa kioo halisi, angekaa karibu na mzizi.

Mjomba Idrisa: Nimesahihishwa, na nimefurahi kusahihishwa. Na mahali wanapaonyeshaje? Wana kitu kama -ni yetu ya "melini"?

Salma: Wanavyo viambishi vitatu pale tulipo na kimoja. Meli ni "cirya", na c hutamkwa k daima. "Ciryasse" ni ndani ya meli, "ciryanna" ni kuelekea melini, na "ciryallo" ni kutoka melini. Sisi tunasema "yumo melini", "anaingia melini", "anatoka melini", na ni kitenzi kinachotueleza mwendo unaelekea wapi, ilhali "melini" imetulia palepale.

Shangazi Rehema: Je, wanayo "sisi"?

Salma: Wanazo zaidi ya moja, Shangazi. Ipo inayomjumuisha anayeambiwa na ipo inayomwacha nje, jambo ambalo "sisi" yetu haisemi. Tolkien mwenyewe alisitasita hapo: katika kitabu chake "The Fellowship of the Ring" kilichotoka 1954, neno la "mkutano wetu" liliandikwa "omentielmo", na katika toleo la pili akalibadilisha kuwa "omentielvo". Ndiyo maana anayejifunza hulazimika kuuliza kiambishi fulani ni cha miaka ipi.

Baraka: Nimekaa kimya nikiandika kwenye daftari. Dada, kiambishi -ndur, ambacho katika Isildur ni -dur, kina maana gani?

Salma: Ni mtu aliyejitoa kwa ajili ya kitu fulani. Isil ni mwezi.

Baraka: Basi nahodha wangu aitwe Ciryandur. Neno linaanza kwa konsonanti moja, d imetanguliwa na n, na mwisho kuna r. Mkazo uko kwenye "yan", kwa sababu irabu yake inafuatwa na n na d.

Salma: Hakuna sheria hata moja uliyoivunja, mdogo wangu. Sasa litie kwenye sentensi.

Baraka: "Ciryandur tuluva ciryallo." Ciryandur atakuja kutoka melini.

Mjomba Idrisa: Na katika "ciryallo" mkazo uko wapi?

Baraka: Kwenye "yal", Mjomba, kwa sababu l ziko mbili.