Varista kwenye laini ya simu inapata joto kengele ikilia: kosa liko wapi?

wayambili aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nimeunda saketi ndogo inayonasa sauti ya laini ya simu na kuiingiza kwenye kompyuta. Kati ya nyaya mbili za laini nimeweka varista, kijenzi cha kinga, inayoanza kupitisha umeme kwenye volti 120, kwa hesabu kwamba laini iliyotulia huwa na volti 48 tu, na kutoka hapo kapasita mbili zinapeleka sauti moja kwa moja kwenye tundu la sauti la kompyuta. Tangu nilipoifunga, simu hulia mara moja kisha hunyamaza, kana kwamba mtu ameipokea, na varista hupata joto. Juma lililopita radi ilipiga, tundu lile likafa, ilhali varista nikiipima ni nzima. Ilikuwa inalinda nini basi?

fundi_eksichenji alijibu:

Hesabu yako imeisahau kengele. Kengele ya kawaida ni takriban volti 90 za mkondo geu, mizunguko 20 au 25 kwa sekunde, zikipanda juu ya zile 48. Kilele cha volti 90 ni 127, hivyo upande mmoja wa wimbi hufika 175 na upande wa pili huishia 79. Varista yako inafunguka katika nusu moja tu ya wimbi, yaani inapitisha mkondo wa kuelekea upande mmoja, na huo ndio mkondo ambao eksichenji (kituo cha kuunganisha simu) huutazama ili kujua kwamba mkono wa simu umenyanyuliwa.

Kwa kuwa baadhi ya laini zina kengele kali zaidi, wengi hutumia thairista ya kinga, yaani swichi inayojiwasha yenyewe volti ikizidi, ya volti 275 hivi. Angalia pia mkondo wake wa kushikilia, yaani mkondo mdogo kabisa unaoiacha ibaki imewaka: ukiwa chini ya ule ambao laini inaweza kutoa, thairista iliyowashwa na radi haitazimika tena. Za miliampia 150 zinapatikana.

shaba_safi alijibu:

Kuhusu tundu lililokufa, varista haikushindwa kazi, bali haikuona kitu. Mara nyingi radi huinua nyaya zote mbili kwa pamoja dhidi ya ardhi, na kati ya waya na waya tofauti hubaki ndogo. Pigo lilitafuta njia ya kwenda ardhini, likaipata kupitia kapasita zako na waya wa ethi (wa ardhini) wa kompyuta. Kanuni za Marekani za kupima vifaa vya simu, Part 68, hutenganisha mambo haya mawili: volti 800 kati ya waya na waya, na 1500 kati ya nyaya na ardhi.

Dawa ni kutenganisha. Sauti ipite kwenye transfoma ya simu ya omu 600 kwa 600, na ishara ya kengele ipite kwenye optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha nyaya. Halafu itazame bodi ya saketi yenyewe. Niliwahi kuletewa bodi yenye optokapla ya volti 5000 ambayo chini ya tumbo lake ilipita njia ya shaba ya ethi, milimita moja kutoka mguu wa laini, na cheche iliruka hapo hapo. Mimi huacha milimita 6 au zaidi bila shaba yoyote.

fundi_eksichenji aliongeza:

Usisahau fyuzi, iwe kabla ya thairista. Waya wa umeme mkubwa ukiangukia laini, thairista itajiwasha na mkondo utaendelea kupita hadi kitu kiungue. Chagua fyuzi ya simu inayokatika taratibu, kwa mfano ya ampia 1.25, maana ile ya kawaida ya haraka hukatwa na kila radi.

wayambili alijibu:

Nimeitoa varista leo na kengele inalia hadi mwisho. Nimepima pia mchoro wangu mpya: chini ya transfoma shaba ya ethi iko milimita 0.8 kutoka pini ya laini. Ninauchora upya kabla ya kuagiza bodi.