Mafundi mnatoa themostati, mnajaza silikoni, mnachomoa waya wa taa ya oili, halafu mnasema "injini za Japan hazidumu"!!

Wakuu habari za sa hizi. Leo sina salamu ndefu. Niko Iringa siku ya tano, baridi inanichapa, gari iko juu ya mawe kwa fundi mmoja mzee, injini imelazwa chini kwenye gunia kama maiti, na mama mkwe kashafika Makambako kwa basi bila kuniaga vizuri. Mwenye moyo mwepesi apite tu, mi naomba nitapike hii nyongo.

Gari ni Toyota Mark II GX110 ya 2002, injini 1G-FE ile ya VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka), silinda sita, cc 1988. Niliagiza mwenyewe Japan, ikaja na stika ya kijapani mlangoni inayoonyesha oili ilibadilishwa lini na kwenye kilomita ngapi, ndani hata harufu ya sigara hakuna. TRA, wale wa mapato, nikalipa ule ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa vile ilishapita miaka 10, nikalipa huku nasonya. Kumbe kulikuwa na uchakavu mwingine unanisubiri gereji ambao hata risiti hautoi.

Service ya kwanza kabisa nikaipeleka kwa fundi niliyeelekezwa na jamaa zangu, gereji ya chini ya mwembe huku Dar, siitaji. Nilimwambia oili, filta, plagi, basi. Nikaenda kula, narudi nakuta mkononi ana kidude kama mwavuli wa kitoto ananiambia bosi hii nimekutolea, hii ni ya nchi za baridi. Themostati. Hakuniuliza! Kaitoa kama mtu anakutoa tongotongo. Na ukutani pale kwake ana waya kazitunga themostati za watu kama mishikaki, nikahesabu zaidi ya kumi, na mi mjinga nikacheka nikamwongezea elfu tano ya soda.

Sasa naomba nielezeni ninyi mnaosema ni ya nchi za baridi, Dubai na Oman joto la 45 kiangazi, Toyota zao hawatoi themostati, zinakuja nazo na zinatembea nazo. Dar 45 tumeiona lini? Ile kitu imeandikwa yenyewe 82, maana yake maji yakifika nyuzi 82 hivi inaanza kufungua yapite kwenye rejeta, chini ya hapo inafunga ili injini ichangamke haraka. Injini haitakiwi kuwa baridi, inatakiwa iwe kwenye joto lake. Ukiitoa kompyuta inaona maji bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta kama vile ndo umewasha asubuhi, petroli isiyoungua inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, ringi na silinda zinalana. Mi gari yangu ilikuwa inanipa kilomita 10 kwa lita nikiwa safari, ikashuka mpaka 7, namuuliza fundi ananiambia bosi mafuta ya siku hizi hayana nguvu. Na kuna kichekesho zaidi, Toyota nyingi themostati ina kisahani cha pili kwa nyuma kinachoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, maji mengine yanazunguka kwenye injini bila kupita rejeta kabisa. Kwahiyo kwenye lami tambarare gari inapoa kupita kiasi, ukikutana na mlima umebeba mzigo inachemka. Eti umetoa ili isichemke!

Hapo sijagusa kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Ile nyekundu ya Toyota iliyokuja nayo ilimwagwa wakaweka maji ya kisima, na maji ya visima vya Dar mnayajua, unaoga sabuni haitoi povu. Hedi ya 1G ni aluminiamu, bloku ni chuma, weka maji ya chumvi katikati yake uone kutu inavyosherehekea. Masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, nayo yaliondoka, hiyo sijui hata siku gani, niligundua kwa mlio. Nasikia yana soko zuri.

Tuje kwenye kilichoniua sasa.

Mwezi wa nne hivi nikaona tone la oili chini pale napopaki. Tone, sio mchirizi. Fundi akaingia chini akatoka na jibu, sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) inavuja, tunaishusha tunaipiga silikoni upya, laki na ishirini. Sawa. Sikuwepo wakati anafunga ila nilikuta tyubu mbili tupu pale chini na pembeni ya sampo silikoni imetokeza nje imevimba kama lipsi za mtu aliyeng'atwa na nyuki. Nikasema moyoni kazi nzuri, haitavuja tena. Ujinga wangu ndo huo, niliangalia iliyotoka nje sikujiuliza iliyoingia ndani iko wapi.

Kama miezi miwili mbele, nikiwa kwenye foleni ya Mwenge jioni, injini imeshapata moto, taa ya oili ikaanza kupepesa kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Ukikanyaga mafuta kidogo inazima, ukiachia inapepesa. Nikashuka, nikacheki dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili iko kwenye alama. Kesho yake kwa fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, akasema oili uliyoweka nyepesi mno, hii 5W-30 ni ya gari mpya, huku tunaweka 20W-50. Akaweka. Taa ikatulia kama wiki mbili ikarudi. Nikarudi. Akasema basi ni swichi ya oili imekufa, hizi za GX110 zinasumbua sana, spea yake shida, lakini ngoja nikusaidie.

Akanisaidia. Taa haikuwaka tena.

Wakuu, yule bwana alichomoa waya wa swichi ya presha ya oili akauzungushia tepu nyeusi akaufunga pembeni vizuri kabisa na tai ya plastiki, kazi safi hata fundi umeme angemsifia. Yaani gari inalia inaumwa, yeye kaiziba mdomo akanitoza elfu arobaini.

Wiki iliyopita tukapanga safari, mimi, mke wangu, mtoto na mama mkwe tumpeleke Makambako. Dar mpaka Mikumi safi. Ruaha Mbuyuni tukasimama tukanunua vitunguu gunia zima, nikatupia kwenye buti. Tukaanza kupanda Kitonga. Nusu ya mlima nasikia tak tak tak, kwa mbali, nikadhani ni jiwe limebana kwenye tairi. Naongeza mafuta na yenyewe inaongezeka. Mama mkwe huko nyuma akasema, "Baba, hili gari lako linakohoa." Nikamwambia hapana mama, ni mlima tu. Dashbodi hakuna taa hata moja, mshale wa joto ndo unataka kupanda, kwahiyo akili yote iko kwenye joto. Kona mbili mbele ile tak tak ikawa mtu anagonga sufuria kwa nyundo, injini ikakaza, ikazima. Tumesimama Kitonga pale malori yanapita kwa sentimita, natafuta majani ya kuweka barabarani, mtoto analia, mama mkwe kakaa juu ya gunia la vitunguu pembeni ya barabara anasali. Mpaka brekidauni inafika na kutuvuta mpaka Iringa ni laki tatu na nusu.

Fundi mzee wa huku hakutaka kusikia hadithi. Alishusha sampo, akachomoa streina, ile chujio ndogo ya wavu inayonyonya oili chini, akanipa mkononi. Imejaa vipande vya silikoni vya kijivu, kama minyoo, wavu ulobaki wazi hauzidi ukubwa wa shilingi mia. Akasema, "Kijana, injini yako haikufa kwa ugonjwa, imenyongwa." Beringi za konrodi mbili zimeyeyuka zimegeuka majani ya dhahabu kwenye oili, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imechubuka unapitisha ukucha unakwama.

Mzee akanielezea na hapa nataka vijana wa gereji mnisome vizuri. Nafasi kati ya beringi na krenki ni sehemu chache tu za mia za milimita moja, unywele wako hauingii. Kinachozuia chuma kisiguse chuma ni utando wa oili inayosukumwa na pampu, pampu ikikosa cha kunyonya utando unakatika, inachukua dakika chache tu kuua kitu kilichodumu miaka 20. Na ile 20W-50 iliongeza balaa badala ya kupunguza, maana oili nzito kupenya kwenye wavu ulioziba ni kama kunywa uji mzito kwa mrija. VVT-i nayo inafanya kazi kwa presha ya hiyo hiyo oili kupitia vitundu vidogo, ndo maana gari ilikuwa nzito kupanda na mi nikalaumu petroli.

Kuna mtu atakuja kusema Toyota wenyewe kwenye sampo wanatumia gundi hawatumii gasketi. Kweli, wanatumia. Ila wanavuta uzi mwembamba wa milimita 3 mpaka 5, sehemu imesafishwa mpaka inang'aa, kwa ndani ya matundu ya bolti. Hawapaki kama mtu anapaka siagi kwenye mkate wa wageni. Tyubu mbili sampo moja??

EDITI: naona mmeanza. Mkuu uliyesema "ndo maana mi nasema 1G ni injini ya kike, weka 1JZ", sikiliza kaka yangu. 1JZ-GTE ni injini nzuri sana, lita 2.5 yenye tabo ya kusukumia hewa, nguvu za farasi 280 kutoka kiwandani, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mdogo wako anayeitupia kwenye GX110 halafu anabaki na breki, shoksi na rejeta za gari ya farasi 160, kichujio cha koni kimekaa juu ya ekzosi kinavuta hewa ya moto, waya wa kompyuta kaunganisha kwa kusokota na tepu, halafu anakuja kuuliza mbona gari inakata moto kwenye foleni. Na anayeibadili ni fundi yule yule wa tyubu mbili. Kama 1G imemshinda kufunga sampo, hiyo yenye tabo ataiweza wapi? Tabo nayo inaishi kwa oili hiyo hiyo.

Na wewe uliyeniambia mkanda wa taimingi nisihangaike kwa sababu 1G hata ukikatika valvu hazipindi, hiyo ni 1G ya zamani. Hii ya VVT-i iliyotoka 1998 valvu zinakutana na pistoni. Mnachukua maneno ya GX90, Mark II ya zamani, mnayaleta kwenye GX110 halafu mtu anakatikiwa mkanda Chalinze anaita uchawi.

Aliyeuliza kwa nini sikusimamia kazi mwenyewe, una haki. Nilikuwa nanunua chipsi.

EDITI 2: mzee anasema krenki inachongeka, itaenda kwenye beringi zilizoongezwa unene za milimita 0.25 au 0.50 kutegemea na mashine itakavyoona, kama haikupinda. Hesabu ya awali na kila kitu ni milioni moja na laki sita, injini ya mtumba kutoka Gerezani pale Dar ni zaidi ya hapo na hujui imetoka kunyongwa na nani. Nimeamua kuchonga. Naomba mwenye uzoefu wa kuchonga krenki ya 1G aniambie ilidumu vipi, na mwenye themostati orijino na kofia ya rejeta ya hii gari aseme bei. Kofia nayo ilibadilishwa wakaweka ya gari gani sijui, haibani, na bila presha maji yanachemka kwenye 100 badala ya kufika karibu 120. Imagini mnahangaika na feni tatu wakati kifuniko cha elfu kumi na tano hakishiki.

Mwisho nilimpigia yule fundi wangu wa Dar jana usiku. Sikumtukana, mke wangu alikuwa ananiangalia. Nikamwambia kila kitu, streina, silikoni, waya. Akanyamaza kidogo, nikajua anatafuta maneno ya kuomba radhi. Akasema, "Dah, pole sana bosi wangu, ila hizo 1G ndo zilivyo. Usichonge, unapoteza hela. Nina 1JZ hapa imekuja na kontena juzi, ukirudi pitia, na themostati nishaitoa kabisa."